Masizi ya Lori la Ekal

Vijana wangu, lori likija gerejini limeziba filta ya moshi, usimpokee dereva kwa spana. Mpokee kwa chai. Mkalishe, mwulize ametoka wapi, amesimama wapi, na aliposimama injini ilikuwa ikifanya nini. Najua mtanicheka. Mimi nimechekwa tangu siku niliyoingia gereji ya kwanza pale Lodwar nimefunga leso kiunoni, wanaume wakaniuliza kama nimewaletea uji. Kati ya waliocheka, wengine mgongo umewastaafisha, wengine niliwafundisha kazi mwenyewe, na mmoja wao akanioa, Mungu amrehemu.

Jina langu ni Nafula, lakini kuanzia Lokori hadi Kaaleng wananijua kwa jina la Mama Fundi. Nilitoka Bungoma kuja huku nikidhani ni kwa mwaka mmoja tu. Joto likaniambia nirudi, kazi ikaniambia nikae, nami nikaisikiliza kazi. Sasa magoti yamekataa kuingia chini ya gari, nimebaki na mdomo, na huo bado unafanya kazi vizuri.

Nimeamua kuwaambia habari hizi kwa sababu ya fundi mmoja kijana aliyenijia juzi akiwa na furaha tele. Lori la mteja lilikuwa limeziba filta, naye akaichukua, akaitoboa katikati kwa nondo, akairudisha. "Mama, saa hii inavuta kama mpya!" Inavuta, ndiyo. Hata ukiondoa mlango nyumba inaingia hewa, lakini na mbwa wataingia. Nilimtukana kidogo, kwa upendo, halafu nikamkalisha chini nimweleze. Nanyi kaeni.

Malori yetu ya zamani yalitema moshi mweusi, ukapaka watu, mbuzi na nguo zilizoanikwa, na hakuna aliyejali. Haya mapya yana kopo kubwa la chuma kwenye ekzosi, hilo mnaloliita dipiefu. Ndani yake mna udongo mgumu uliochomwa, wenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Moshi unapita, masizi yananaswa. Lori likifanya kazi ya kweli, mzigo mzito na barabara ndefu, ekzosi inapata moto mkali na masizi yanaungua yenyewe. Mwendo huo tunauita lori kujichoma. Lakini lori likikaa limesimama huku likinguruma polepole, moto hautoshi. Masizi yanarundikana, taa ya njano inawaka, kisha nyekundu, kisha lori linakunyima nguvu na unatambaa nalo hadi watoto wa shule wanakupita kwa miguu.

Masizi si majivu, msichanganye. Masizi yanaungua. Majivu ndiyo yanayobaki baada ya kuungua, na hayo hata uyachome hadi kiama hayaondoki. Filta inafunguliwa na kusafishwa kwa mashine yake. Msiipeleke pale wanapooshea magari ikapigwa maji ya nguvu. Niliona filta iliyooshwa hivyo ikilia ndani kama debe la njugu, udongo wote umepasuka, na mwenye gari naye alilia vilevile.

La mwisho katika mafundisho, na ndilo kubwa: filta haijizibi. Kuna anayeiziba. Huenda ni nozeli inayovujisha dizeli, au tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, linalotema oili, au dizeli ya jerikeni iliyochanganywa na mafuta taa. Ukiichoma filta bila kumtafuta huyo, itarudi kwako kabla hujamaliza kunawa mikono. Aliyenifundisha kutafuta ni Mzee Ramadhani, Mnubi wa Kitale, aliyekuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa sikio, akafumba macho. Alikuwa akiniamuru nizime redio, kisha nizime mdomo. Siku moja nilimwuliza anasikia nini humo. Akasema, "Chuma hakina siri, Nafula. Mwenye siri ni anayekiendesha."

Nilidhani ni maneno ya mzee tu. Nilikuja kuyaelewa kwa Ekal.

Ekal alikuwa dereva wa lori la mizigo, Mturkana wa Kaaleng, mtu mpole asiyeinua sauti hata kwa mbuzi waliolala barabarani. Alibeba unga na mafuta ya kupikia kutoka Lodwar kupeleka Kakuma, akarudi tupu. Lori lake lilikuwa jipya na alilitunza vizuri mno. Kabla ya kupanda alikung'uta viatu. Nikashangaa lilipoletwa kwangu limeziba filta. Nikapima nozeli, nzima. Tabo, kavu. Oili ilikuwa ile inayotakiwa. Dizeli niliinusa, nikaisugua kati ya vidole, safi. Nikaliamuru kwa kompyuta lijichome limesimama pale pale uani, likaondoka likivuta vizuri.

Likarudi. Nikaifungua filta, nikaituma ikasafishwe. Likarudi tena. Ndipo bosi wake akanipigia simu.

"Mama Fundi, madereva wengine wako na gari kama hiyo na hawana shida. Hiyo gari ikirudi tena na hiyo maneno ya filta, mimi napeana kwa mtu mwingine. Ekal aende nyumbani."

Nyumbani hapakuwa na kitu. Mbuzi wa baba yake walikuwa wameisha kwa ukame, na ukoo mzima pale Kaaleng ulikula kwa usukani ule. Ekal aliyajua maneno ya bosi kabla sijamwambia. Alisimama kando ya lori lake akilifuta vumbi lisilokuwepo, nami roho ikaniuma.

Nilizunguka lori lile, nikitafuta aliyeiziba filta. Nikaona kitu kwenye magurudumu ya nyuma. Miiba ya mathenge, kile kichaka cha jangwani, mingi, mipya, imevunjikia kwenye raba. Sasa barabara ya Lodwar kwenda Kakuma siku hizi ni lami mwanzo hadi mwisho.

"Ekal," nikasema, "lami imeanza kuota miiba?"

Hakucheka. Nikampeleka kwa mama wa chai ng'ambo ya barabara, nikamnunulia na mandazi.

"Mi huwa napumzika kidogo pale katikati," akasema.

"Injini ikiwa imezimwa?"

Akalivunja andazi, asile.

"Ekal, nakuuliza. Unazima, huzimi?"

"Pale siwezi zima, Mama."

"Kwa nini?"

Akatazama chai yake mpaka ikaunda utando juu. "Twende tu na wewe. Utaona."

Kwa hiyo safari iliyofuata nilipanda. Nilibeba kompyuta yangu ya kusomea gari, maji ya kutosha, na filta mpya ya hewa ambayo niliifunga asubuhi hiyo kabla hatujatoka, kwa sababu ya zamani ilikuwa imekula vumbi la kutosha kujenga manyatta. Nilikaa kiti cha abiria, dirisha wazi, na tulizungumza habari za kawaida: mvua iliyokataa kunyesha, bei ya mbuzi, mapadre wa Nariokotome. Lori lilivuta vizuri. Mahali fulani nikanusa joto la ekzosi na nikaona kwenye kompyuta kwamba limeanza kujichoma lenyewe, jinsi linavyotakiwa, kwa mzigo na mwendo. Nikafurahi. Nikamwambia Ekal asipunguze mwendo, aliache lijimalize.

Akapunguza. Akawasha taa ya kupinda, ingawa nyuma yetu hapakuwa na gari hata moja, akaiacha lami na kuingia njia ya vumbi upande wa kushoto. Ilikuwa ile daivasheni ya zamani, ya miaka ile barabara ilipokuwa ikijengwa. Tukapita kwenye mathenge, tukatokea uwanda mweupe usio na kitu, akasimama. Kwenye kompyuta nikaona kule kujichoma kumekatika. Injini ikashuka, ikabaki inanguruma polepole.

"Ndiyo hapa," akasema.

Nilijua papo hapo nani anaiziba filta. Kila safari lori lilikuwa likianza kujichoma, naye kila safari alilikatiza pale pale, kisha akaliacha likinguruma kwa masaa, likizidi kujaza masizi juu ya masizi. Ni sawa na kuinjika chakula halafu ukatoa kuni. Nilitaka kumfokea. Lakini nilishuka kwanza ninyooshe magoti, na huko chini ndiko nilikogundua kitu kilichoniziba kinywa.

Ninyi mliokulia huku mnajua, ila niwaambie wageni: kwetu lori likisimama ni mti. Unasimama kwenye uwanda mtupu, hakuna mtu hadi macho yanapoishia, unainama kuokota spana, ukiinuka mzee amekaa kivulini kwenye kiti chake kidogo cha mbao. Mnasalimiana: Ejok? Ejok noi. Mbuzi nao wameshalala kando ya gurudumu, na hujui wametokea wapi. Ndiyo maana kabla ya kulichoma lori limesimama mnatakiwa kulizunguka, mchungulie kila ekseli, muwaombe watu wasogee, kwa sababu ekzosi ile inaunguza vibaya. Nilikaa pale chini kwa muda wa kutosha kuvuta kijiji kizima. Kivuli cha lori lile kilikuwa kirefu na kizuri. Hakuja mtu, hakuja mbuzi, hata nzi sikuona.

"Watu hawakujangi hapa," Ekal akasema kutoka juu. Alikuwa amenisoma.

Ndipo akanieleza. Kabla ya lori hili alikuwa na lingine, la zamani zaidi, na mwenzake wa usukani, Mkamba wa Mwingi aliyeitwa Mutua. Mutua ndiye aliyemfundisha gia, ndiye aliyemwombea kazi, na ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kulala kwenye kebini bila kupata maumivu ya shingo. Siku moja wakiwa kwenye daivasheni hii vumbi likashuka, wakapoteza njia, wakajikuta uwandani. Mutua akashuka atafute mstari wa mawe ulioonyesha njia.

"Akaniambia, 'Usizime. Nikipotea nitafuata sauti.' Nikamwambia sawa, sizimi." Ekal akaushika usukani. "Sikuzima, Mama. Ilizimika. Vumbi ilijaa kwa filta ya hewa, ikakohoa, ikakufa. Nikapiga honi mpaka betri ikaisha. Nikaita. Upepo ilikuwa inakula sauti."

Mutua hakurudi. Walikuja polisi, wakaja wachungaji wanaosoma alama za kwato za mbuzi mmoja kati ya mia, wakaja ndugu zake kutoka Mwingi. Hawakupata mtu, hawakupata kiatu. Upepo ulikuwa umepangusa kila kitu. Ndugu zake walirudi kwao na begi lake la nguo.

"Sasa nikipita hapa nasimama," akasema. "Naacha inguruma. Nilimwambia sizimi."

"Ekal, mwanangu. Mtu huyo amekufa."

"Najua."

"Basi?"

Akaangalia kule uwandani, si kunikwepa, ila kama mtu anayemtazamia mgeni. "Saa zingine nasikia miguu. Inakuja, inakuja. Halafu inasimama. Ni kama hajui sauti inatoka wapi. Injini ikiwa chini hivi, sauti ni ndogo."

Mimi ni mshirika wa kanisa na siamini mizimu. Nawaambia hivyo ili mjue kwamba nywele zangu zilisimama bila idhini yangu. Jua lilikuwa linawaka, mchana mweupe kabisa, na niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa gizani.

Lakini nilikuwa na kazi. Dereva huyu angepoteza lori, na nyumba nzima ingelala njaa, kwa sababu ya ahadi, na ahadi ya namna ile huwezi kumwambia mtu aivunje. Nikafikiri. Nikafikiri tena. Kisha nikamwambia, "Sikiliza. Ikiwa ni lazima lori lingurume hapa, basi lingurume kweli. Hivi unavyolifanya ni kunong'ona, na huko kunong'ona ndiko kunakoliua. Tutalichoma hapa hapa."

Nikazunguka lori. Ardhi ilikuwa tupu, hakuna nyasi, hakuna kijiti cha kushika moto. Nikachungulia kila ekseli kama nilivyowafundisha, ingawa nilijua hapana mtu. Nikarudi kwenye kompyuta, nikahakikisha oili haijapanda kipimo, nikaamuru kuchoma.

Ambao hamjaona, mara ya kwanza inatisha. Hakuna mguu kwenye pedali, na injini inapanda yenyewe. Inanguruma juu zaidi, na zaidi, kebini inatetemeka, lori zima linafanana na mtu aliyeamua jambo. Harufu kali ya moto inatoka. Nyuma ya ekzosi hewa ilianza kucheza, na vichaka vya mbali vikaonekana vinaelea. Ngurumo ile ilikwenda uwandani kote. Ekal alivua kofia, akaishika mapajani.

Tulikuwa hatujafika nusu ya kazi nilipoona vumbi. Lilitoka upande wa milima, ukuta wa rangi ya kahawia uliogusa ardhi na mbingu, na ulikuja bila kelele. Tukafunga madirisha. Likatufikia. Mchana ukawa rangi ya chai ya mkandaa, kioo cha pembeni kikapotea, kisha pua ya lori ikapotea. Mchanga ulipiga bati pande zote.

Fundi ndani yangu akaamka. Vumbi kama lile na injini inayovuta hewa kwa nguvu namna ile havipatani. Filta ya hewa ilikuwa mpya, lakini mpya nayo ina kikomo. Nikanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Nazima, Ekal."

Akauweka mkono wake juu ya ufunguo. Hakunisukuma. "Mama, tafadhali. Usizime sasa."

Mnanijua. Nimewafokea madereva wenye miraba minne wakaomba radhi. Lakini macho yake yalikuwa ya mtoto aliyeachwa sokoni. Nikaurudisha mkono wangu mapajani. Injini ikaendelea kunguruma ndani ya giza lile la kahawia, nami nikaanza kuomba, kwa Kibukusu, maana kwa woga Kiswahili chote kilinitoka.

Halafu mlango ukagongwa.

Ulikuwa upande wa dereva, chini, kwenye ngazi. Kofi la mkono kwenye bati. Likanyamaza. Likapiga tena.

"Mutua," Ekal akasema, akafungua mlango na kuruka.

Nilimkamata shati, likanichomoka. Mlango ukajibamiza nikabaki peke yangu na lori linalonguruma lenyewe. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilikunja miguu juu ya kiti kama mtu aliyeona nyoka.

Ekal akarudi akimsukuma mtu mbele yake. Alikuwa mwanamke kijana, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi shanga za shingoni, na mgongoni amefunga mtoto. Tukawavuta ndani. Nikahamia nao kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti nimhudumie mtoto. Nikamfuta pua na macho kwa leso yangu, nikamlowesha midomo kwa maji. Kwa muda hakufanya kitu. Kisha akalia. Sijawahi kufurahia kelele kama ile, na nimeishi maisha yangu yote kwenye kelele.

Mwanamke aliitwa Akiru. Alikuwa ametoka kisimani, vumbi likamkuta njiani, akapotea kabisa. Alizungumza Kiturkana kwa sauti iliyokauka, na Ekal akanitafsiria, na kadiri alivyotafsiri ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka.

"Anasema alisikia gari mbali. Akafuata. Lakini upepo ilikuwa inageuza sauti, mara huku, mara kule." Akasikiliza tena. "Anasema walikuwa wawili. Kuna mtu alikuwa nyuma yake. Alidhani ni kaka yake amekuja kumtafuta."

"Alimwona?"

Akamwuliza. "Hakuona, vumbi. Alisikia miguu tu. Akikosea njia, miguu inasimama. Akirudi kwa sauti ya gari, inakuja tena. Ndiyo akajua njia ni gani."

Ekal akashuka tena, safari hii akishika ubavu wa lori asipotee, akamwita kaka huyo kwa jina mara nyingi. Aliporudi alikuwa peke yake.

Kazi ya kuchoma ikaisha. Injini ikashuka yenyewe, taratibu, ikarudi kwenye kunguruma kwake kudogo. Taa zote kwenye dashibodi zilikuwa zimezimika; filta ilikuwa safi. Nje vumbi lilianza kupungua, pua ya lori ikarudi, kisha mathenge, kisha uwanda. Ulikuwa mtupu. Hakuna mtu aliyesimama, hakuna aliyeanguka. Tulitazama pande zote.

Akiru akasema kitu kifupi. Ekal hakutafsiri.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama yule mwingine ameshaingia." Akanionyesha kwa kidevu mlango wa abiria. "Anasema alipogonga huku, miguu ilipita ikazunguka huko."

Ekal alishuka. Akazunguka mbele ya lori polepole, akafika upande wa pili, akafungua mlango wa abiria. Akaushikilia wazi, naye amesogea kando kidogo, kama unavyompisha mtu aliyechoka. Vumbi likaingia, likatua kwenye kiti. Alikaa hivyo mpaka mimi nikaanza kulengwalengwa na machozi bila kujua kwa nini. Kisha akaufunga mlango taratibu, akarudi, akapanda, akakaa nyuma ya usukani.

Akazima injini.

Ukimya ulishuka juu yetu wote. Chuma cha ekzosi kilikuwa kinapoa, tik, tik, tik, na mtoto alikuwa ananyonya. Ekal aliinamisha kichwa, akasikiliza. Nami nilisikiliza, nikakumbuka bisibisi ya Mzee Ramadhani. Hakukuwa na miguu. Upepo ulikuwa umekwisha kabisa.

"Amefika," Ekal akasema, na akalia mbele yetu bila haya, mtu mzima, mpaka shati likalowa.

Vijana, lori lile halikurudi kwangu tena kwa habari ya filta hadi nilipostaafu. Ekal analo hadi leo, bosi wake anamsifu, na anapofika pale kwenye daivasheni hapindi tena, anapita na lami akiliacha lori lijichome hadi mwisho. Bosi aliniuliza nilirekebisha nini. Nilimwambia nilimwonyesha dereva asisimame huku injini ikinguruma, na hilo ni kweli. Liandikeni ukutani mwa gereji zenu. Kaka yake Akiru tulimkuta Kakuma jioni hiyo hiyo, kwenye kibanda chake cha makaa. Alishtuka kumwona dada yake akishuka kwenye lori. Hakuwa ametoka hapo tangu asubuhi.

Nimebakiza jambo moja, nalo sijawahi kumweleza mchungaji wangu. Kutoka uwandani hadi Kakuma ni mwendo, na lori lina kiti kizuri cha abiria, kile nilichokikalia wakati wa kuja. Nilisafiri nimejikunja kitandani, mimi, Akiru, mtoto na mtungi wa maji, magoti yangu haya mabovu yakinipigia kelele kila kwenye tuta. Hakuna aliyetuambia tukae huko. Tulipofika kwenye kizuizi, polisi akapanda ngazi, akachungulia ndani, akamwona mama mzee amebanwa nyuma kama gunia.

"Mama, si ukae hapa mbele? Kiti iko."

Ekal akafungua kinywa, lakini mimi nilimtangulia.

"Hapo kuna mtu," nikasema.

Polisi akakitazama kiti. Akatutazama sisi, mmoja mmoja. Kisha akashuka, akatuinulia kizuizi.